Ritriti Iliyofiwa

Wadogo zangu, nimestaafu. Chekeni tu. Nina miaka ishirini na tisa na meno yangu yote, lakini kazi ya kupanga mapumziko ya wafanyakazi, hayo ambayo watu wa Mbarara wanayaita ritriti, haimzeeshi mtu kwa miaka. Inamzeesha kwa safari za chooni anazokwenda kabla basi halijafika. Kwa hesabu hiyo mimi ni bibi wa kuketi juani na kitenge magotini, na nina haki ya kutoa ushauri.

Baadhi yenu mmeuomba wenyewe. Nikipita Nakivale, kambini kwetu, kumsalimia mama yangu, hakosi kijana wa kunisimamisha njiani. "Dada Espe, ile kazi ya kupeleka mabosi kucheza, mutu anaianzaka namna gani?" Namjibu kwamba inaanza kwa tumbo kuuma. Anadhani namtania.

Sikuisomea. Nilijifunza kwenye simu, nimeketi kibandani pale tunapochajia, nikitazama video za watu wa mbali waliovaa fulana za rangi moja na kushikana mikono juu ya milima yenye theluji. Nilifuata kila kitu isipokuwa theluji. Na kwa kuwa sikuwa na cheti, niliamini kwamba nikikosea kitu kimoja, hata kijiko, ukumbi mzima utagundua kuwa mimi ni mtoto wa wakimbizi wa Fizi, kule Kongo, aliyejifundisha kazi kwa kuchungulia. Kwa hiyo nilikuwa nabeba vijiko vyangu. Nilibeba pia misumari, limau, sindano na uzi, na kengele ya mbuzi, endapo kipaza sauti kitakata roho. Kipaza sauti kilikata roho mara moja tu. Nikapiga kengele. Wajumbe hawakugeuka, ila mbuzi wote wa kijiji walihudhuria.

Sikilizeni basi. Kitu cha kwanza ni msimu. Ritriti hufanywa wakati biashara imelala, na msimwulize bosi inalala lini, kwa sababu atawaambia yake hailali. Mtazameni askari wa getini. Akianza kufuga kuku pembeni ya kibanda chake, msimu umefika. Mkikuta vifaranga, mmechelewa. Kampuni za maziwa hulala kiangazi, ng'ombe wanapokausha maziwa. Wauza vifaa vya ujenzi hulala mvua zikianza, maana hakuna anayeezeka nyumba huku anaogeshwa. Wakati huo wenye kumbi wanakubembeleza, dereva wa basi anakuita dada, na mpishi anapokea simu kabla haijalia vizuri.

Kitu cha pili ni kwamba michezo ya kwenye video haijui watu wenu wanafanya kazi gani. Kampuni moja ya maziwa, upande wa Biharwe, niliwapelekea mchezo wa kuaminiana. Mtu anasimama, anafumba macho, anajiangusha kinyumenyume, wenzake wanamdaka. Wadakaji niliwachagua kwa makini kutoka pale maziwa yanapopokelewa, vijana wenye mikono ya kubeba makopo yaliyojaa. Meneja wa usafirishaji akafumba macho, akajiachia. Vijana wakarudi nyuma, wakamwacha atue kwenye nyasi, kisha wakamwinamia na kumchunguza.

"Mbona hamkumdaka?" nikapiga kelele.

"Nyabo," mmoja akanijibu kwa upole, kwa neno lao la kumheshimu mwanamke, "sisi hatupokei kitu kabla ya kukipima."

Meneja hakuumia. Mimi ndiye niliyeumia. Wiki nzima kila nikifumba macho niliona mtu anaanguka.

Aliyenifunza kazi kweli hakuwa kwenye simu. Ni Mama Nabintu, mkubwa wa protokoli, yaani kamati ya kupokea wageni, kanisani kwetu Nakivale, mama kutoka Kivu ya Kusini ambaye amepanga harusi na matanga mengi mpaka anaweza kusikiliza sahani zinavyogongana akajua kama chakula kitatosha. "Kwanza chakula," alikuwa ananiambia, "kisha choo, kisha kivuli. Maneno itakuya yenyewe." Alikuwa akinikuta napima umbali kati ya kiti na kiti kwa utepe, ananinyang'anya utepe. "Weye unapangaka mpaka Mungu anakosa fasi ya kupitia."

Nilimcheka. Sasa niwaeleze siku ambayo Mungu alipitia.

Mzee Katungi ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi Mbarara. Kiswahili chake alikiokota barabarani, enzi akipeleka mabati hadi mpakani Kikagate, nacho hakina breki. Aliniita dukani mvua ikipiga paa na mabati ya kuuza kwa pamoja, tukawa tunazungumza kwa kupiga kelele.

"Nyabo Espe, mimi nataka ritriti! Lakini si ya kurukaruka. Hapa iko watu wawili hawaongei."

Hakuwa na haja ya kunionyesha. Wa kwanza alikuwa Bosco, mtunza stoo, jitu kubwa na laini kama gunia la pamba. Wa pili alikuwa Peninah, keshia, mwembamba, mwenye macho ya kukagua noti. Kati yao kulikuwa na dirisha lisilo na kioo ambalo hata mtoto angepitisha neno. Mzee mmoja Mrundi, mkulima wa Nakivale, alikuwa amekuja kununua kitasa. Peninah akamwambia, "Mwambie mtu wa stoo akupe kitasa." Bosco akamwambia, "Mwambie mtu wa pesa kitasa kiko cha aina mbili." Mzee wa watu alikwenda akirudi, akienda akirudi, mpaka akasahau mlango wenyewe unafungukia upande gani.

"Waligombana nini?" nikauliza.

"Mama yake Peninah alikufa, kule Kikagate. Duka lote tulienda kuzika. Bosco hakuonekana. Hapana simu, hapana pole. Nikimwuliza, anaangalia viatu. Sasa Peninah anasema mtu ambaye hakuja kuzika mama yako, huyo si mtu." Mzee Katungi akafuta uso. "Na huyo mama alikuwa anampenda Bosco, banange! Kila akituma ndizi hapa, mkungu mmoja ni wa Bosco."

"Na mimi nifanye nini, mzee?"

"Waongee. Wakishuka kwenye basi bado hawaongei, mmoja hapana rudi kazini. Labda wote wawili. Mimi nimechoka kuwa dirisha. Nitafunga stoo, niuze soda."

Hakuwa anatania. Peninah alikuwa analea wadogo zake tangu mama afariki, na Bosco hakuwahi kufanya kazi nyingine maishani mwake ila kujua kitu fulani kiko rafu gani. Nilitoka pale na kazi mbili za watu mkobani mwangu, pamoja na vijiko.

Nilipanga kama sijawahi kupanga. Nilichagua kilima kimoja Nakivale kinachotazama ziwa, mahali ambapo simu haishiki na boda haipiti, ili mtu akikasirika asipate pa kukimbilia. Kibali cha ofisi ya kambi nilikipata mapema. Mahema, mikeka na chakula nilimwachia Mama Nabintu. Nilipomtajia mwezi, aliinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa anapepeta.

"Mu wakati wa kupanda?"

"Ndiyo, mama. Ndio wakati wa utulivu."

"Utulivu ya nani?" akauliza. Nikarudi kupima mkeka wangu. Akaendelea kupepeta.

Siku yenyewe ilikucha bila mvua, nikaona Mungu naye ameisoma programu. Kitu kimoja tu kilinitia hofu. Nilitaka mwishoni watu waketi kuzunguka moto na kusameheana, kama kwenye video, na kuni zilikuwa zimelowa. Mtu wa kawaida angesema zitakauka. Mimi niliuwasha moto asubuhi hiyo hiyo, gogo kubwa mbele ya hema, ili ufuke polepole na kufikia ukamilifu wake alasiri. Ukawa unatoa moshi mzito, mrefu, unaoonekana mpaka ng'ambo ya ziwa.

Basi likafika. Nikawavua watu viatu, nikakusanya simu kwenye kapu, nikawaketisha kwenye mikeka chini ya mahema. Bosco nilimweka mkabala na Peninah. Bosco akatazama miguu yake. Peninah akatazama ziwa. Nikatangaza kipindi cha kwanza, ambacho nilikibuni mwenyewe na kukionea fahari: Saa ya Ukimya. Hakuna kusema neno, kila mtu aufikirie mwaka wake. Mzee Katungi akaufikiria wake, akashika tama.

Kwenye miteremko yote chini yetu watu walikuwa wanapanda maharagwe. Niliwaona. Nilidhani wanapendezesha mandhari.

Wa kwanza kupanda kilima alikuwa mwanamke mwenye jembe begani. Alilitua jembe mbali na hema, akaja taratibu, akajifunika kitenge kichwani, akaketi ukingoni mwa mkeka. Nikadhani ni msaidizi wa Mama Nabintu. Kisha wakaja wanaume wawili na mzigo wa kuni, wakaziweka kando ya moto bila kusema kitu, wakaketi. Kisha mama na kikapu cha maharagwe. Kisha kundi zima, majembe yakijipanga kule nje kama baiskeli kanisani. Wafanyakazi wa duka walisogea kuwapa nafasi. Kijana mmoja wa mauzo akaninong'oneza, "Dada, hawa wako kwenye programu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Wadogo zangu, huo ndio ugonjwa wangu, ninawaonyesha kidonda chenyewe: ni afadhali nionekane nimepanga wazimu kuliko nionekane sikupanga.

Ndipo akaja yule mzee wa kitasa. Nilimtambua mara moja. Jina lake ni Melkiori. Alikuwa na udongo mbichi miguuni na rozari mkononi. Alipoliona duka zima la Mzee Katungi limeketi mikekani bila viatu, akasimama, akatikisa kichwa, akaanza kumpa mkono mmoja mmoja. "Mwihangane," akawa anasema, "mwihangane." Alipofika kwa Mzee Katungi akamshika kwa mikono miwili. "Poleni, mzee. Haya ni ya Mungu."

"Asante, mzee wangu," Mzee Katungi akajibu, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Baadaye aliniambia alidhani anapewa pole kwa sababu ya mauzo. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole ya mauzo.

Mzee Melkiori akaketi, akaanzisha wimbo. Wanawake wakaupokea. Mmoja akalia kidogo, mwenzake akalia zaidi. Wafanyakazi, wakidhani kipindi cha ukimya kimeingia kipindi cha sauti, wakaimba walichokijua. Peninah alikuwa amekaza uso, kisha uso ukamshinda. Alilia kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango na mlango umesukumwa. Mama mmoja asiyemjua akamvuta kichwa kwenye bega lake, akamfunika kitenge chake.

Mama Nabintu akatokea jikoni na mwiko. Akanivuta nyuma ya hema kwa sikio.

"Espe! Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa hawa bote banalilia nani?"

"Nilidhani umewaleta wewe."

Akauinua mwiko, nikaona anajizuia kunipiga nao. "Mutoto yangu. Ni wakati wa kupanda. Batu bazima banakaa chini ya hema asubuhi, bila viatu, hakuna mwenye kusema, na moto unawaka muchana. Ungekuwa weye mu shamba, ungefikiri nini? Harusi?"

Kila kitu nilichokipanga, moto, mikeka, ukimya, ndivyo matanga yalivyo. Hakuna mtu mzima Nakivale anayeketi kivulini wiki ya kupanda ila kifo kimemketisha. Na watu wetu, mnawajua. Hawamwulizi mfiwa nani amekufa. Unaketi, unalia naye, jina utalisikia kwenye maombi.

"Nikawaambie waondoke?"

"Umufukuze mutu mwenye amekuya kukulilia? Mbegu bado iko mu mukono yake?" Mama Nabintu akatazama sufuria zake. "Na miye nimepikia basi moja tu."

Nilikuwa bado nafikiria kukimbilia ziwani wakati wimbo ulipokoma. Mzee Melkiori alisimama na rozari. "Sasa tuombe," akasema. "Wenye msiba, tupeni jina la marehemu."

Ukimya. Huu haukuwa kwenye programu. Watu wote wa duka wakanigeukia mimi, mwezeshaji wao, kwa uso wa watu wanaosubiri maelekezo ya mchezo. Nikasimama mbele ya moto wangu. Nilikuwa na limau, misumari, na sindano, na hakuna kimoja kilichofaa.

"Mzee," nikasema, "hakuna marehemu. Hii ni ritriti."

"Ni nini?"

"Mapumziko. Watu wa duka wamekuja kupumzika."

Mzee Melkiori akawatazama watu wazima waliokuja kutoka mjini kukaa bure wiki ya kupanda. Akatazama mikono yake yenye udongo. "Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, mzee."

"Lakini mimi nimelia. Si kulia kwa adabu, nimelia kweli. Nimemlilia nani?"

"Kumbe haikuwa ya mauzo?" akauliza Mzee Katungi.

Vijana wa duka wakaanza kucheka, kwanza puani, kisha waziwazi. Sikuwahi kuona mzee akiaibika hivyo. Alijipapasa kutafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani. Akageuka kuliendea jembe lake, na wenzake wakaanza kusimama nyuma yake, kimyakimya, wakikung'uta nguo.

"Mzee, usiende."

Alikuwa Bosco. Alikuwa amesimama, na kichwa chake kiligusa hema. "Usiende na aibu. Hata mimi nilifanya hivyohivyo."

"Ulifanya nini, mwanangu?"

Bosco hakumtazama Peninah. Alimtazama mzee, kama vile wangali dukani na mzee bado ni mjumbe. "Kuna mama mmoja alikufa Kikagate. Alikuwa ananitumia ndizi, mimi ambaye hakunizaa. Wenzangu walitangulia. Mimi pikipiki iliniharibikia njiani, nikafika peke yangu. Nikaona mahema, moto, watu wameketi. Nikaketi. Utauliza nini, mzee? Mtu analia, wewe unauliza hapa ni kwa nani?"

"Hapana, huulizi," mzee akakiri. Alikuwa ameliacha jembe.

"Nikalia sana. Wakaona, wakasema, yule mgeni kutoka Mbarara aje mbele aseme neno. Nikaenda. Nikasema marehemu alikuwa mzazi kwangu. Nikasema alinilisha kwa siri ya moyo wake, hakutaka kusifiwa. Nikasema wengi hapa hawanijui lakini marehemu alinijua. Nikaona watu wanaangaliana. Nikafikiri nasema vizuri." Akashika nguzo ya hema. "Kisha wakaleta sanduku. Juu iko picha. Ya mwanamume, mwenye ndevu."

"Ukafanyaje?" akauliza Mzee Melkiori.

"Nikaendelea kulia. Lakini kwa sababu nyingine."

Mama Nabintu alijifunika uso kwa mwiko. Bosco akaendelea, sauti imeshuka. "Nilipotoka pale, watu walikuwa wanarudi kutoka kwa yule mama. Walikuwa wamemzika, upande wa pili wa shamba la ndizi. Karibu hivi. Sasa mtoto wake nimwambie nini? Nilikuja, nililia, nilihutubia, lakini kwa mwingine? Nikanyamaza. Nikinyamaza siku moja, ya pili inakuwa ngumu zaidi."

Peninah alikuwa hajasogea. Macho mekundu, kitenge cha mama asiyemjua bado begani. Nilimtazama kama ninavyotazama anga nikiwa na hema moja. Hatimaye akafungua mdomo, na hakumtuma mtu.

"Ulivaa koti la kijani?"

Bosco akageuka. "La kijani."

"Lilikuwa linakubana."

"Ni la mdogo wangu."

"Banange!" Peninah akajipiga paja. "Ni wewe! Bosco, ni wewe! Ile nyumba ni ya jirani zetu. Mpaka leo wanatafuta mtu mnene wa Mbarara aliyelia kuliko watoto wa marehemu. Wanasema mzee alizaa nje! Wajane wake wawili hawaongei!"

"Yesu wangu."

"Wamekutengea shamba!"

"Shamba gani?"

"La ndizi! Walikaa kikao cha ukoo. Walisema hawawezi kumdhulumu mtoto ambaye baba alimlisha kwa siri."

"Mimi sitaki shamba!"

"Ndivyo watakavyojua ni wewe," Peninah akasema, na sasa alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. "Yule mzee naye alikuwa hataki vitu."

Kilima kizima kilicheka. Wakulima, wauza mabati, mpaka dereva wa basi kule mbali ambaye hakusikia kitu. Mzee Melkiori alicheka ameshika rozari kifuani, aibu imemtoka kama jasho. Mzee Katungi akanikamata mkono.

"Wanaongea! Nyabo Espe, wanaongea! Hii yote ulipanga?"

Kichwa changu kilitaka kuitikia. Kilikuwa kimezoea. Nikakishika.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hata kidogo." Sikuwahi kulisema neno hilo kazini. Hakuna aliyeshtuka, na mbingu zilibaki mahali pake.

Kicheko kilipoisha, Mzee Melkiori alikuwa bado amesimama. "Sasa hizi kuni?" akauliza.

"Kuni ya matanga hairudiake nyumbani," Mama Nabintu akasema.

"Na maombi nimekwisha kuyaanza. Mtu haachi maombi katikati."

Watu wakatazamana. Kisha Peninah akaketi tena kwenye mkeka, akanyoosha kitenge kichwani. "Mama yangu anaitwa Yunia," akasema.

Mzee akalirudia jina polepole, mara kadhaa, kama mtu anayejifunza njia ya nyumba ngeni. Kisha akapiga magoti. Wote wakaketi. Bosco alikwenda akaketi nyuma ya Peninah, pale wanapoketi watu wa nyumba, akalia kwa sauti ile ile kubwa ambayo nadhani Kikagate bado wanaikumbuka, safari hii akimlilia mtu wake. Gogo langu lilikuwa limefikia ukamilifu. Hakuna aliyeliona, nami sikumwonyesha mtu.

Chakula kilitosha. Mama Nabintu aliyatia sufuriani maharagwe ya msiba, akasikiliza sahani, akaridhika. Kwa kuwa Mzee Katungi alikuwa amelipia programu nzima na hataki kupoteza, alasiri tulicheza mchezo wa puto, wakulima dhidi ya stoo. Waliokuwa wanapita chini ya kilima waliona waombolezaji wakirusha puto na Mzee Melkiori akishangilia. Nasikia ilisemwa Nakivale kwamba huyo marehemu lazima alikuwa mtu mbaya sana.

Habari ilifika Mbarara kabla yetu. Mabosi wakaanza kunitafuta. Wote walitaka ritriti kama ya Katungi. Mmoja alitaka waombolezaji walewale, ila walie kwa zamu. Mwingine alitaka yeye mwenyewe awe marehemu, asikilize. Nilikaa kitandani nikijaribu kupanga jambo ambalo lilitokea kwa sababu halikupangwa, nikajikuta napima umbali kati ya mwombolezaji na mwombolezaji kwa utepe. Asubuhi nikampigia Mzee Katungi, nikaomba kazi dukani. Sasa nachanganya rangi, tone kwa tone, kazi inayoufaa ugonjwa wangu. Ritriti za duka anazipanga Bosco. Husahau vijiko. Mimi naketi mkekani na wengine, mikono nimeikalia.

Kwa hiyo nendeni, wadogo zangu, kazi ni yenu. Jueni biashara inalala lini, lakini kabla ya kuweka hema mwulizeni mwenye shamba jirani, maana huko kwake huenda ndiyo inaamka. Moto washeni jioni. Na mkikuta watu wameketi kimya, ketini nao, hilo msiliache kamwe, ila kabla hamjaitwa mbele kusema neno, subirini picha.

Mnataka kujua habari ya shamba. Bosco na Peninah wapo kazini wote wawili, na sasa wateja wanalalamika kwamba hawapati nafasi ya kuagiza misumari. Jumapili iliyofuata ritriti ile walikwenda Kikagate pamoja. Walianza kwa mama Yunia. Bosco aliweka ndizi kaburini, akakaa pale kiasi cha kutosha. Kisha wakavuka kwenda kwa jirani ili akakatae shamba. Alieleza kila kitu, pikipiki, koti, mahema. Wajane wote wawili walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha yule mkubwa akasimama, akamshika sikio, akaligeuza kuelekea dirishani.

"Kataa unavyotaka, mwanangu," akasema, "lakini haya masikio umeyatoa wapi?"

Peninah anasema aliitazama picha ya mzee ukutani. Akamtazama Bosco. Akaitazama picha tena, vizuri, kwa macho yake ya kukagua noti. Na yeye, ambaye huuliza mpaka bei ya kitu alichokwisha kununua, akachukua chai yake, akanywa, hakuuliza.